Turudishieni Mahindi Yetu na Ukungu Wake

Kwa Bwana Afya,
Ofisi ya Ukaguzi wa Nafaka,
Mlango wa pili baada ya choo.

Mheshimiwa Bwana Afya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Na kama umeshaanza kula mahindi uliyotunyang'anya, basi natumaini itakukuta umeshiba.

Mimi ni yule kijana mwembamba aliyekung'ang'ania shati pale mashine ya kusaga wiki iliyopita. Samahani kwa kile kifungo. Mtaani wananiita Profesa. Shule niliishia katikati, mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwenye simu: kutengeneza redio, kunyoa, sheria kidogo, na mwaka huu nikaingia kwenye nafaka. Kikao cha familia kimeniteua niandike kwa niaba ya mama, mjomba na dada yangu, kwanza kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na pili kwa sababu, kama alivyosema mjomba, "aliyetuletea balaa ndiye atakayeiandikia barua."

Ulikuja, Bwana Afya, ukayadunga magunia yetu yote kwa lile bambo lako, ukatoa punje, ukazisaga, ukaziloweka, ukachovya kikaratasi. Ukakitazama kikaratasi kwa muda mrefu, halafu ukanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Ukasema mahindi yana sumukuvu kupita kiasi, yaani sumu inayoachwa na ukungu, na hayafai kwa mtu wala kwa mfugo. Ukayafunga utepe mwekundu, ukayafungia stoo, ukasema yatateketezwa. Hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima. Na humo ndimo ulimo uji wa mtoto wa dada, ambaye ametimiza umri wa kuanza kula na tayari anapigania vijiko vya watu. Kwa hiyo tunalalamika kama ifuatavyo.

1. Umeidharau sayansi. Mahindi yale sikuyatupia tu kwenye magunia kama watu wengine. Niliona kwenye video mifuko isiyopitisha hewa, nikaenda kuitafuta hadi nikaipata, nikaivalisha ndani ya magunia. Muuzaji akanionya: "Kijana, kwanza pima kama yamekauka. Tia punje kwenye chupa, tia chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado mabichi." Nikapima. Chumvi ikaganda. Nikaona chumvi ndiyo mbovu, nikabadilisha chumvi. Ikaganda. Nikabadilisha chupa. Ikaganda. Mara ya mwisho sikutikisa sana, haikuganda sana. Nikaita familia nzima uani, nikatangaza matokeo: yako salama, fungeni. Tukafunga. Nilikaza zile kamba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Na wadudu wote walikufa, hilo hata wewe huwezi kulikana. Sasa mtu aliyefanya kipimo mara nne anaitwaje mzembe?

2. Sumu yenyewe haionekani. Ulikiri mwenyewe mbele ya watu: haina harufu, haina ladha, na punje inaweza kuwa nzuri kwa macho na bado ikawa nayo. Mjomba, ambaye ni mlinzi mstaafu, anasema katika miaka yake yote ya ulinzi hakuwahi kumkamata mwizi asiyeonekana, asiyenuka na asiyepiga kelele, kwa hiyo mwizi wa namna hiyo hayupo. (Ni kweli mjomba alistaafishwa kwa sababu ghala alilokuwa akililinda lilibaki kuta tupu. Lakini hoja yake naiona bado imesimama.)

3. Umemvunjia heshima mama na jiko lake. Ulisema kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Bwana Afya, mama yangu akibandika maharage, majirani huuliza kama tunayeyusha chuma. Ameniagiza nikuandikie neno kwa neno: "Mwambie sijaona kitu kilichoshinda moto wangu, isipokuwa wewe."

4. Sisi tulishayachambua. Tulikaa kwenye mkeka siku nzima, mama, dada na mimi, tukatoa punje zote za kijani, nyeusi na zile zenye manyoya. Zilizobaki tukazisugua kwa kitambaa mpaka zikang'aa. Ukasema ukungu unafutika lakini sumu yake inabaki. Hapo ndipo nilipokushika shati.

Zile mbovu hatukuzitupa, sisi si wabadhirifu. Tuliwapa vifaranga wa bata. Wakazubaa, wakakataa maji, wakafa. Najua utalitumia hili dhidi yetu, basi nalijibu mapema: bata ni kiumbe anayekunywa maji ya mtaro kwa hiari yake, huwezi kujua alikufa kwa lipi. Mama yao yuko hai hadi leo. Amepofuka jicho moja, lakini hilo ni jambo la zamani, alidonolewa na jogoo.

5. Haraka yako haina msingi. Umesema sumu hii hulila ini polepole, miaka na miaka. Basi kama yenyewe haina haraka, wewe una haraka gani? Sisi tuna njaa ya leo. Ini ni shughuli ya baadaye, na huenda kufikia hapo nitakuwa nimeshajifunza kulitengeneza. Ukasema pia kwa mtoto mdogo ni mbaya zaidi, humdumaza, hakui. Mjomba akajibu kwamba ukoo wetu wote ni wafupi na hatujawahi kumlaumu mtu. Akasimama ili kikao kimwone. Tukamwomba asimame, akasema ameshasimama.

6. Umeniharibia jina. Hili ndilo linalouma. Zamani mtu redio yake ikikwama aliita, "Profesa, njoo!" Siku hizi nikipita, fundi wa mashine ya kusaga anafunika unga wake kwa mikono miwili. Kinyozi ananiuliza kama nywele nazo nitazifunga kwenye mfuko zingali mbichi. Watoto wananiimbia. Nimekuwa mtu wa kwanza hapa mtaani kuoza akiwa hai.

Kutokana na hayo yote, tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, magunia yetu yarudishwe na utepe wake, tutaufanyia kazi nyingine. Ikishindikana, ofisi yako itupatie cheti kwamba familia hii ina maini imara na inaruhusiwa kula kitu chochote. Na hilo nalo likishindikana, kama ni lazima yateketezwe, basi iandikwe kwamba mahindi yalifariki kwa ajali, na jina langu lisitajwe kwenye msiba.

Wasalimie wote hapo ofisini: yule dada wa mapokezi aliyenipa maji siku nilipoyafuata magunia nikifoka, dereva wenu, na yule mzee anayeshika ufunguo wa stoo. Mama anakusalimu. Dada anakusalimu. Mtoto angekusalimu lakini amelala. Mjomba hakusalimu, ila ukimsalimu ataitikia.

Ni mimi, mwenye ini lake zima mpaka wakati wa kuandika,

Profesa
(kwa niaba ya familia)

Nyongeza: Hayo ya mbele niliwasomea nyumbani, wakapiga makofi, mjomba akaomba nirudie pale kwenye bata. Haya ya nyuma sijamsomea mtu, nayaandika nimesimama mlangoni kwako. Tafadhali usirudishe hata punje moja. Na hukuchukua yote. Mama alikuwa ameshachota kabla hujafika, amekwenda kusaga mtaa wa pili ambako hawatujui, na unga umo kwenye ndoo ya buluu chini ya kitanda cha dada. Kesho asubuhi mtoto anaanza uji. Nimewakataza. Nimesema kwa upole, nimesema kwa kufoka, nimewaonyesha picha ya ini kwenye simu. Dada alinitazama tu, mtoto akiwa mapajani anavuta kitenge, akaniuliza, "Kwani si wewe uliyetuambia yako salama?" Jibu unalo wewe. Njoo nalo leo, Bwana Afya, na kama hapo ofisini kuna unga wowote ulio safi, hata kibaba kimoja, uje nao, maana dada akiumwaga ule hana mwingine wa kumkorogea mtoto.