Wiki Niliyonyamazisha Besi

Jumatatu, 3 Machi

Miaka ishirini na mbili nikipiga besi kwenye bendi za vipindi vya televisheni! Watangazaji tisa wamekuja na kuondoka, mimi nipo. Leo mama mkwe kaniuliza, mbele ya mashemeji wote, kama kazi yangu huko televisheni ni ya ulinzi.

Nikamwambia napiga besi kila Ijumaa. Akasema kila Ijumaa hutazama kipindi mwanzo mpaka mwisho na hajawahi kuniona. Mke wangu akajitahidi kunitetea. Akasema ninaonekana kiwiko.

Kiwiko!

Sababu naijua. Ni ule mmea wa plastiki ulio mbele yangu, kwenye chungu kikubwa kama pipa. Wakati huohuo mpiga kinanda, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake isiyo na vioo, amekaa peupe, meno yote nje. Kesho mmea ule utahama.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika studio mapema, kabla ya watu. Nikaanza kusukuma chungu kuelekea kwenye kinanda cha Profesa. Kumbe ndani wamejaza zege! Kimesogea shibiri moja, mgongo wangu umesogea mbili. Mpambaji wa jukwaa akaingia, akanikuta nimekikumbatia. Nikamwambia namwagilia maji. Akasema ni plastiki. Nikamwambia ndiyo, yaani napangusa vumbi. Akafurahi sana, akanipa kitambaa, akanionyesha mimea mingine kumi na mmoja.

Nimepangusa yote. Majani ya plastiki hayana mwisho.

Nikiwa nimechuchumaa kwenye mmea wa nane, nikasikia sauti nyuma ya pazia. Mtayarishaji mpya, dada mwenye saa kubwa na haraka kubwa zaidi, alikuwa akimwambia kiongozi wa bendi kwamba jukwaa limebana, mtu mmoja apunguzwe. Profesa naye, kikulacho ki nguoni mwako, akadakia kwamba mkono wake wa kushoto unaweza kutoa sauti zote za besi.

Mkono wa kushoto! Mimi natumia miwili na yote inatoka jasho!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa yao. Besi ni msingi wa nyumba. Hakuna mgeni anayeingia sebuleni akasifu msingi. Lakini uondoe, uone kama atapata pa kuweka kikombe.

Mgeni wa kesho ni Bi Mkubwa, yule mwimbaji mkongwe. Atauimba wimbo wake mkubwa, tukimpigia. Ukifika ubeti wa pili, nitageuza kitufe cha sauti cha gitaa mpaka sifuri. Vidole vitaendelea kucheza, sauti hakuna. Wimbo utaporomoka. Mtayarishaji atashika kichwa na kuuliza besi iko wapi. Hapo nitairudisha, wimbo usimame tena, na dunia ijue.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza itakuwaje wasipogundua. Swali la kitoto. Nimetoka kwenda kununua nyuzi mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimedhalilishwa.

Ubeti wa pili, nikazima. Nikangoja. Kimya changu chote, hakuna aliyegeuka! Nikarudisha sauti kwenye kiitikio ili wapate cha kulinganisha. Ubeti wa tatu nikazima tena. Watazamaji wakasimama wakacheza. Fundi wa sauti akaninyooshea dole gumba. Tulipomaliza, mtayarishaji akasema leo bendi imesikika safi ajabu, na kiongozi akanipigapiga begani akisema nimekomaa, sasa napiga kwa utulivu.

Utulivu!

Nilikuwa nakunja waya kwa hasira nilipoitwa na Bi Mkubwa. Nikamkuta kwenye chumba cha kujipamba, hana viatu, miguu ameiweka juu ya kigoda.

"Mwanangu, ubeti wa pili uliniacha," akasema.

Nikamwambia waya ulikatika.

"Ukajiunga wenyewe kwenye kiitikio? Kisha ukakatika tena?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo hajawaambia hata wanawe. Sikio moja limekufa kabisa, la pili linafuata. Siku hizi huimba pekupeku chini ya gauni refu ili aisikie besi kwa nyayo, kupitia mbao za jukwaa. Ilipopotea, hakujua ni mimi. Alidhani hata nyayo sasa zimeziba.

"Nikajisemea, basi, leo ndiyo mwisho wangu. Nimeimba beti mbili gizani, mwanangu, huku nikitabasamu."

Nikaona aibu. Siyo aibu ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Nikamweleza ukweli wote, mpaka habari za kiwiko. Kisha akasema mtu akisimama juu yako usijivute, hata kama hakutazami. Nikamwomba radhi. Akaniombea heri, akaniomba nimfungulie chupa ya maji.

Nimerudi nyumbani nimenywea.

Jumatatu, 10 Machi

Lakini nilipolitafakari jambo hili siku mbili, nikaligeuza na kuligeuza, nikaona kitu. Bi Mkubwa aligundua! Ushahidi ninao! Siri ya sikio lake nitaitunza, ila ya besi haina sababu ya kutunzwa.

Nikaingia ofisini kwa mtayarishaji kifua mbele. Nikamwambia kwamba Ijumaa besi ilitoweka, na mwanamuziki wa kweli pekee aliyekuwepo alitambua.

"Kwa hiyo, mzee, uliizima makusudi?" akauliza.

Mzee! Nina arobaini na tisa!

"Makusudi kabisa," nikasema.

"Kwenye kipindi changu?"

"Beti mbili nzima!"

Akafunga daftari taratibu. Kufika saa sita mchana nilikuwa nje ya geti na gitaa langu. Profesa alinisaidia kubeba spika, tena kwa mkono wa kushoto. Mwovu yule!

Jumatano, 19 Machi

Nina kazi! Bi Mkubwa amenipigia debe kwa mpwa wake anayeendesha kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Kwenye simu aliniambia neno moja tu: nipige besi, nisiizime tena. Nikamwapia kwamba nimekoma.

Leo tumefanya mazoezi. Ni bendi ya wanyama, kila mpigaji ndani ya vazi la mnyama na kichwa chake. Mimi ni tembo, nimesimamishwa nyuma kabisa, mkonga unagonga nyuzi. Na nani amesimama katikati, mbele, taa zote usoni? Simba. Mpiga kayamba! Katika wimbo mzima anatikisa mara nne, tano akijisikia. Watoto wanapiga mayowe, simba, simba! Haki iko wapi?

Wakati wa mapumziko nimekichunguza kichwa chake pale mezani. Kinafungwa kwa zipu nyuma. Ukiitia gundi kidogo tu, hakifunguki, wala hakivaliki, na simba asiye na kichwa hawezi kusimama mbele ya watoto. Hakuna atakayeumia.

Nimemuuliza fundi cherehani kama ana gundi. Ameuliza ya nini. Nimemwambia ya mkonga.