Godoro Langu na Mtaro wa Serikali

Jumatatu, 4 Novemba
Katapila bado limelala shimoni. Nyasi zimeota kwenye kijiko chake. Mtaro mpana wa kuukomboa mtaa wetu wa Taman Kekwa ulichimbwa hadi nyuma ya nyumba yangu, ukakata tamaa. Nimepiga simu idara ya mitaro. Binti wa mapokezi, sauti tamu kama maziwa ya kopo, akasema fungu la fedha limeshaidhinishwa, ila halijashuka. Nikauliza linashuka kutoka wapi, mbinguni? Akanitakia siku njema.

Mke wangu Zaharah hacheki. Mafuriko ya mwaka jana yalimharibia cherehani. Amesema maji yakiingia tena sebuleni, yeye anahamia kwa dada yake mjini Ipoh. Mimi nibaki na vyura.

Jumanne, 5 Novemba
Jirani yangu Letchumanan ameniletea murukku, vile vitafunio vya kukaanga, zilizobaki za sikukuu yao ya Deepavali. Tamu, kwa bahati mbaya. Kajijengea ukingo wa zege getini, na sasa anautaka uenyekiti wa kamati ya mtaa. Kiti changu! Eti mwenyekiti wa sasa ni maneno matupu. Mimi! Nikamshukuru kwa murukku, nikafunga mlango.

Habari kubwa: mheshimiwa wa idara anakuja Alhamisi kuukagua mtaro. Na waandishi. Akikuta pakavu atapiga picha, atakwenda kula. Lazima akute maji. Kidogo tu. Ya kifundo cha mguu. Maji yenye adabu.

Jumatano, 6 Novemba
Nimefanya! Godoro letu la zamani nimelisokomeza kwenye kalavati alfajiri, nikalishindilia kwa vigogo vya migomba. Mvua ya hapa kwetu Klang mwezi huu haina ubahili. Kesho barabara italowa vizuri. Zaharah akauliza mbona natoka jasho. Mazoezi, nikasema. Akanitazama kama anavyotazama samaki wa juzi.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua hii sikuiagiza mimi! Kifundo. Goti. Kiuno. Nikakimbilia kalavati kulitoa godoro. Limekunywa maji, zito kama kifaru. Nikavuta kwa nguvu zote, nikabaki na kipande cha kitambaa mkononi.

Mheshimiwa akafika. Gari lake jeusi likazimika katikati ya barabara. Waandishi wakafurahi sana. Nikajitosa kumpokea, hotuba mfukoni. Hotuba imekuwa uji.

Hapo akapita Letchumanan, anasukuma beseni la kuogea watoto. Ndani ameketi Mak Som, bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye miguu yake haimbebi tena, kamkumbatia paka. Nilikuwa nimemsahau Mak Som. Kabisa. Sikupenda kuiandika sentensi hiyo.

"Badrul! Unasimama kama nguzo ya umeme! Shika upande huo!"

Nikashika. Mak Som, meno yanagongana, akaniambia kwa upole, "Pole, mwenyekiti. Serikali yako imechelewa tena."

Nikaendelea kusukuma beseni hadi kwa Letchumanan. Letchumanan akarudi kumchukua mheshimiwa, akambeba mgongoni. Kamera zote! Kwake, nyuma ya ukingo wa zege, halikuingia hata tone. Kwangu yamepanda hadi kwenye meza.

Ijumaa, 8 Novemba
Ukurasa wa mbele: Letchumanan na mheshimiwa mgongoni. Kile kiwiko pembeni ni changu.

Mafundi wa idara wamezama kwenye kalavati, wakaibuka na godoro. Wakalitandaza barabarani, mtaa mzima ukaja kulitazama. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba watu wengine hawana ustaarabu kabisa.

"Baba Suraya," akasema Zaharah, "hilo doa si la kari aliyomwaga binti yako?"

Fundi mkuu akaandika kitu.

Jioni taarifa ikatoka. Mafuriko yamesababishwa na takataka za wakazi, kwa hiyo mtaro mpana hauna haraka. Fungu limerudishwa juu. Limerudishwa! Kumbe lilishuka Alhamisi asubuhi.

Jumamosi, 9 Novemba
Kamati imemchagua Letchumanan. Nilipata kura moja, na nina hakika nilimpigia mtu mwenye sifa.

Zaharah kaenda Ipoh. Letchumanan ndiye aliyempeleka stendi, maana gari langu limejaa matope. Nilimbebea begi hadi getini, nikamwambia nilikuwa nawatafutia watu wote mtaro. Akasema anajua. Akasema hilo ndilo linalomchosha: kila mara nia nzuri, kila mara yeye ndiye anayedeki. Kisha akaniambia wali uko jikoni, nisiuache uchache. Nimeula baridi, nimesimama, kiti hakijakauka.

Jumapili, 10 Novemba
Nyumba kimya mno. Nimetafakari makosa yangu. Kosa ni moja: godoro lina doa. Vinginevyo mpango ulikuwa safi.

Asubuhi hii kenge mkubwa alikuwa anaota jua ukingoni mwa shimo. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, ni mamba mtupu. Sasa, nasikia idara ya wanyamapori haijui kukosa fungu. Wakisikia mamba yuko katikati ya makazi, watalifukia shimo, watachimba mtaro, watajenga na ukuta! Zaharah ataniona kwenye televisheni, atarudi na basi la kwanza.

Nimeshapiga simu. Wanakuja kesho na waandishi. Nimeshanunua rangi ya kijani. Imebaki kumshika kenge.