Ng'ombe Kumi na Mmoja, Jicho Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tumerudi kutoka hospitalini mikono mitupu. Mama ana mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, na la kushoto lilikufa zamani. Daktari wa macho anakuja Jumanne ijayo tu, kisha harudi hadi Julai. Daktari yuko tayari. Karani hayuko tayari! Amesema kadi ya bima aliyoilipia Mama miaka kumi na mitatu haitumiki tena. Kuna mpya. Tulipe ya mwaka mzima kwanza, na kiwango kitatokana na maswali: paa la nini, choo cha nini, ng'ombe wangapi. Mama ameuliza choo kinaumwa na nini. Karani hakucheka.

Jumanne, 4 Machi
Nina mpango. Damaris, mhudumu wa afya wa kijiji, atakuja Alhamisi na maswali yake kwenye simu. Ng'ombe wangu sita hatawaona. Sisi Wakuria tunawekeana ng'ombe, wa huyu wakikaa zizini mwa yule, tangu enzi za babu. Nitawapeleka kwa jirani Motari. Gesare, mke wangu, ameniambia niseme ukweli tu. Gesare haijui serikali.

Jumatano, 5 Machi
Motari amewapokea bila swali. Hata chai amenipa. Motari, ambaye hajawahi kunipa maji! Nilipaswa kushtuka. Nilikunywa vikombe viwili.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nilikuwa nimejiandaa: shati lililotoboka, kigoda kibovu, uso wa njaa. Nikamwambia Damaris sina hata ndama. Papo hapo Motari akaingiza zizini mwangu ng'ombe kumi na mmoja, akipiga mluzi. Alisema na yeye anawaweka wake kwa rafiki yake, yaani mimi. Kukataa ni aibu. Damaris akahesabu mara mbili, kisha akaenda kwa Motari akakuta wale sita wangu. Basi serikali imeandika: mimi tajiri, Motari wa kadiri.

Ijumaa, 7 Machi
Kiwango changu kimefika kwa simu. Niliusoma ujumbe nimesimama. Nikakaa. Mama ameuliza Jumanne ni lini. Nimeenda kuwatazama ng'ombe wa Motari.

Jumamosi, 8 Machi
Mama ameenda kwa Damaris, ameshikwa mkono na Gesare. Amejibu mwenyewe: nyumba yake ya peke yake, kuku wanne, mume alikufa, ng'ombe hana. Mwana anaye, lakini huyo asihesabiwe. Wamempa kiwango cha chini kabisa, na akina mama wa kanisa wamechanga. Mimi nimepewa kikapu nibebe.

Jumatano, 12 Machi
Jana daktari alimpasua Mama jicho; leo bandeji imetolewa. Mama ameniangalia muda mrefu.
"Mniko," amesema, "mbona umezeeka hivi?"
Nimelia. Nimesema ni vumbi.

Jumapili, 16 Machi
Motari amerudisha ng'ombe wangu na kuchukua wake. Damaris anasema naweza kukata rufaa. Kamati itakuja Alhamisi kuhesabu upya. Kamati! Safari hii mpango hauna tundu. Shemeji yangu anaishi ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na huko serikali yetu haihesabu. Mama ameniona kutoka barazani nikitayarisha kamba, akauliza naenda wapi. Nimesema malishoni. Amesema siku hizi anaona mbali.

Sita ni wengi kwa mtu mmoja kuswaga. Motari amejitolea kunisaidia. Kumbe ni mtu mwema.