Kupima Ukaidi wa Wanunuzi wa Sufuria

Jumatatu, 3 Juni
Namshukuru Mungu kwa kunipa akili, maana ndugu zangu wote waligawiwa nguvu. Shemeji, kaka wa mke wangu, anafua sufuria kwa nyundo karakanani kwake. Haziuziki. Dukani kwangu zimeshika vumbi, wateja wanakimbilia za kutoka nje. Asipolipa pango kufikia Jumamosi, karakana inafungwa. Mke wangu amechukua kitambaa, anazipangusa moja moja huku akiniangalia. Afadhali angenigombeza.

Nimepata dawa! Nitapandisha bei ya sufuria za nje siku hadi siku, nione mnunuzi anavumilia mpaka wapi kabla hajageukia za kwetu. Huu ni utafiti. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara, tunayemwita Bwana Punguzo, hajui hata maana ya neno hilo.

Jumanne, 4 Juni
Nimepandisha kidogo. Wameguna, wamelipa. Hakuna aliyegusa za shemeji. Wakaidi hawa! Nashukuru hata hivyo, faida imeongezeka.

Jumatano, 5 Juni
Nimepandisha maradufu. Mama mmoja kasoma bei, kanipa pole, kauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Akatoka. Wakatoka wote. Nikachungulia mlangoni: wamejaa kwa Bwana Punguzo! Kumbe hawakuhama kutoka sufuria za nje kwenda za kwetu. Wamehama kutoka kwangu kwenda kwake. Nashukuru, angalau miguu imepumzika.

Alhamisi, 6 Juni
Labda tatizo ni mpangilio. Nimezivua za shemeji vifuniko vyote. Sufuria huku, zimepandana, vifuniko kule. Safi kabisa! Ndipo nikakumbuka kwamba shemeji hupima kwa jicho, na kila kifuniko kina sufuria yake moja tu duniani.

Ijumaa, 7 Juni
Ee Mola wangu! Mteja kaketi sakafuni kutafuta kifuniko. Wa pili kaja kumsaidia. Kelele zikajaa mtaa mzima, wapita njia wakaingia kushangaa, nao wakaanza kujaribu. Aliyepata kifuniko kinachoingia alipiga kigelegele, na sufuria haiachi tena hata abembelezwe. Mpaka nafunga, za shemeji zimekwisha zote.

Shemeji kaja, pango limepatikana. Kanishika mikono yote miwili, machozi yakamtoka. "Shemeji, umeniokoa," amesema. Nami nimelia. Nashukuru, nashukuru kwa kweli.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu anadai ni vifuniko. Nimecheka kwa upendo. Ni bei! Mtu ukimbana Jumatano, anaelewa Ijumaa. Utafiti unataka subira. Jumatatu napandisha chupa za chai za nje, mara tatu.

Bwana Punguzo kaja mwenyewe kunipongeza, na soda mkononi. Kauliza kwa upole ni bidhaa gani inayofuata. Sina kinyongo, nimemweleza yote. Kaniomba niwe namjulisha mapema kila mara, apate kuagiza mzigo wa kutosha. Kumbe ni mtu mwema vile! Namshukuru Mungu kwa jirani anayeheshimu elimu.