Honi ya Baba Mkwe na Injini Saba

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya thelathini na sita ya ndoa. Nimeamka kabla yake ili nimtazame akilala. Hata mkoromo wake una adabu.

Furaha yangu ina kasoro moja tu: baba yake. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wakwe, tunakula nao kila jioni, na mzee bado ananitaja kama "yule bwana". Nikiwa nimekaa hapohapo.

Mzee aliendesha treni miaka ishirini na sita. Tangu astaafu amekigeuza chumba cha wageni kuwa reli: meza ndefu, stesheni ya mbao, injini saba za mfano. Ndani ya kila injini mna dikoda, kibao cha umeme kidogo kama ukucha, ndicho kinachoamua injini iende vipi na ilie vipi. Jumamosi ataonyesha zote ukumbini mbele ya wastaafu wenzake.

Leo mezani ametangaza kwamba injini ya kijani, mfano wa ile aliyoiendesha mwenyewe, bado haina honi yake ya kweli. Atakayeipata atakaa kando yake Jumamosi na kushika kidhibiti cha pili. Shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye ni fundi redio, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kukaa. Nikasema honi nitaileta mimi. Mzee akauliza muuza magodoro anajua nini kuhusu kelele. Nikajibu kwamba mapenzi yamenifundisha mengi. Mke wangu akaniomba nimpitishie chumvi. Vidole vyetu vikagusana.

Jumanne, 5 Machi

Nimempeleleza shemeji. Miezi miwili amekuwa akizipangia sauti zile injini nyingine sita, moja baada ya nyingine, na mzee amezikubali. Lakini kwa ile ya kijani ameleta honi tatu na zote zimekataliwa. Ya kwanza mzee alisema ni lori. Ya pili ni meli. Ya tatu hakujua ni ya nini ila ina kiburi.

Hapo ndipo pa kupenyea. Nimemwambia mzee kwamba nina rafiki katika karakana ya reli, ametunza rekodi halisi ya honi yake. Sina rafiki katika karakana. Nina ndoo na kipande cha bomba la plastiki.

Nimerekodia bafuni. Mke wangu aliuliza kutoka nje ya mlango kama tumbo limenichafuka. Mara ya nane nikapuliza mlio uliotikisa kioo, naye akacheka hukohuko nje, na kicheko kikaingia kwenye rekodi, mwishoni kabisa. Nilijaribu kukikata. Mkono ulikataa. Kukata kicheko kile ni sawa na kukata waridi kwa shoka.

Jumatano, 6 Machi

Mzee amesikiliza. Alifumba macho, akaomba irudiwe, kisha irudiwe tena, hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema ndiyo hiyo. Tarumbeta ya injini yake ilikuwa na ufa, na hajawahi kumpata mtu aliyeukumbuka ufa huo. Akatoa kitambaa akajifuta macho, akasingizia vumbi.

Akauliza yule anayecheka ni nani. Nikasema abiria. Akasema kweli, abiria wa zamani walikuwa na raha.

Shemeji alitaka jina la rafiki yangu. Nikasema ni mtu msiri mno. Akaniuliza msiri kiasi gani. Nikasema hata mimi simfahamu vizuri.

Nimeruhusiwa kuiingiza honi mwenyewe. Shemeji akanionya nitumie kile kipande kifupi cha reli kilicho peke yake karibu na dirisha, na niweke injini moja tu, kwa sababu agizo linaloandikwa wakati wa kupanga dikoda husikilizwa na kila injini iliyo juu ya reli hiyo. Alisema mara mbili, polepole, kama anaongea na mbuzi. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Alhamisi, 7 Machi

Honi imeingia kwa kompyuta bila taabu. Ila ililia kama mbu. Nikaongeza sauti: muungurumo ukazidi, honi ikabaki mbu. Dikoda ina nafasi zenye namba, kila moja na agizo lake; nikagusa nyingine: taa zikazimika. Nikagusa nyingine tena: nikiiamuru mbele inarudi nyuma. Nilishinda nayo hadi alasiri, nikakumbuka siku ile nilipomchumbia mke wangu.

Kijitabu kikaniokoa. Kinasema ukiandika nane kwenye nafasi ya nane, dikoda husahau maagizo yote na kurudi kama ilivyotoka kiwandani, kidhibiti kinaiita kwa namba tatu, na sauti yake ni kubwa. Honi uliyoingiza haifutiki. Safi kabisa.

Lakini kile kipande cha reli. Urefu wa mkono mmoja, ukutani, peke yake. Injini ya kijani ilikaa pale kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. Mtu aliyeoa juzi hawezi kustahimili kuona kitu kinakaa peke yake. Nikahamisha nyaya mbili hadi kwenye reli kubwa, nikaiweka katikati ya wenzake sita. Nikaandika nane.

Taa za injini zote saba zikapepesa kwa pamoja. Nilichukulia kwamba wananipongeza.

Nilitaka kuijaribu, ila mke wangu akaita kwamba chakula kiko tayari. Baina ya treni na yeye sihitaji kufikiri.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji ametaka tuzijaribu kabla ya kuzifunga. Najua nia yake, aiharibu honi yangu. Nimemwambia mzee kwamba honi ya kihistoria ikipigwa ovyo inapoteza utamu, na kwamba wastaafu wenzake wanastahili kuwa wa kwanza kuisikia. Mzee amekubali. Amezifunga injini kwenye pamba kwa mikono yake.

Shemeji alinitazama muda mrefu. Mke wangu pia, ila yeye kwa mapenzi.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulijaa. Wazee zaidi ya thelathini, wengine wamevaa kofia zao za kazi. Injini saba zilipangwa kwenye reli iliyoletwa kutoka nyumbani, ziking'aa. Mzee akanivutia kiti kando yake, akaweka mkono begani mwangu, akawaambia watu kwamba huyu ni mkwe wake na amemrudishia sauti ya ujana wake. Nilitamani dunia isimame.

Nikachagua namba tatu. Nikabonyeza honi.

Zililia zote saba. Zilizokuwa na sauti nyororo za shemeji zilibweka kwa nguvu ya kiwandani, na juu yao ndoo yangu ikabubujika. Mzee mmoja akaziba masikio. Nikatafuta kitufe cha kusimamisha, nikagusa cha mwendo. Zote saba zikaondoka. Tatu zilikuwa zimeelekea kushoto na nne kulia. Stesheni ya mbao ilikuwa katikati.

Injini ya njano iliangukia mapajani pa mstaafu mmoja, ikaendelea kuzungusha magurudumu. Shemeji akachomoa umeme. Akaniuliza kwa sauti niliandikia reli ipi. Nikasema kubwa, kwa sababu ya upweke. Akarudia neno upweke mara kadhaa.

Hapo bado ningepona. Lakini mzee aliyeongoza karakana zamani akasema honi ya injini ile haikuwahi kurekodiwa na mtu yeyote. Mzee wangu akabisha. Akarudisha umeme, akaziweka pembeni injini zile sita, akaipiga honi ya kijani peke yake ili wasikie ufa. Ikalia. Kisha ikacheka. Na nyuma yetu mke wangu, aliyekuwa amejizuia tangu stesheni ivunjike, akashindwa, akacheka. Kicheko kilekile. Wakapokezana.

Mzee akamtazama binti yake, akaitazama injini, akanitazama mimi. Akauliza nilitumia nini. Nikasema ndoo. Akauliza ya rangi gani. Nikasema ya bluu. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za msiba, akasema alilia machozi kwa ajili ya ndoo ya bluu. Akampa shemeji kidhibiti changu, akatoka nje bila kofia.

Jumapili, 10 Machi

Mzee hajanisemesha. Chumba cha reli nimekatazwa. Shemeji yuko humo, kwenye kile kipande cha reli cha dirishani, anapanga injini upya, moja moja. Kaniambia kazi hiyo ni miezi miwili, kisha akafunga mlango.

Mke wangu amenishika mkono akanieleza kwa upole. Baba yake hakuumizwa na stesheni, aliumizwa na uongo. Niende, nimwombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, nisiguse tena treni. Akiongea kwa uzito hivyo, nyusi zake hukaribiana kidogo. Nimezitazama hadi alipomaliza, nikamwambia nimeelewa kila neno.

Na kweli nimeelewa. Mzee anahitaji radhi, lakini kutoka kwa mtu anayemheshimu. Nimeulizia ni nani ambaye mzee hakuwahi kumbishia. Mama yake tu, marehemu. Basi itatokea rekodi yake ya zamani, akimsihi mwanawe awe anawasamehe wakwe. Injini ya njano inatosha kuibeba, na dirisha halina komeo.

Nimemuuliza mke wangu sauti ya bibi yake ilikuwaje. Kasema nyembamba, na ilikwaruza kidogo. Nimeanza mazoezi.