Sukari Hanitaki

Jumamosi, 5 Februari 2011

Nimerudi nyumbani North York baada ya miaka miwili ya kazi Alberta. Nilitarajia kurukiwa shingoni. Tasleem, binti yangu wa pekee, amenipa mkono kama balozi! Kisha akaenda kuketi kando ya mjomba wake kwenye sofa. Samir, shemeji yangu, anaishi kwetu "kwa muda" tangu nilipoondoka. Ndiye aliyemnunulia mtoto kile kinyama cha Australia: udogo wa panya, macho ya kushangaa, ngozi ubavuni ya kupaa nayo kutoka pazia hadi kabati. Jina lake Sukari. Nimenyoosha kidole kumsalimia. Kaniuma! Tasleem akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba Sukari anawajua watu wa nyumbani. Nimeumia. Kidole nacho.

Jumapili, 6 Februari

Nimesoma mtandaoni. Wanyama hawa hupenda kwa pua. Unamwekea nguo yenye harufu yako ailalie, unambeba kwenye mfuko kifuani, unampa mtindi kwenye ncha ya kidole, mwisho anakukubali. Eti subira, wiki kadhaa. Wiki kadhaa! Na Samir atakuwa anafanya nini? Wote walipokwenda msikitini, nimesingizia mafua. Nimetoa kizimbani kitambaa cha Samir, nikaweka fulana yangu. Nimechagua iliyo safi kabisa, nisimkere.

Jumanne, 8 Februari

Sukari amelala kwenye fulana yangu siku mbili. Ushindi! Jioni nimekaa kwenye sofa, mikono wazi. Tasleem akamfungulia. Akapaa. Akanipita sikioni. Akatua kifuani kwa Samir! Samir akaniomba radhi kwa adabu, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka.

Mke wangu Farhat ndiye aliyelifumbua fumbo. Nguo zote za nyumba hii, zangu na za ndugu yake, huzifukiza udi kila Alhamisi, udi anaoletewa kutoka Unguja. Sukari amezoea harufu ya kabati letu, si yangu. Amenishauri nivae fulana moja siku tatu bila kuifukiza, kisha nitulie tu karibu na mtoto. Nitulie! Kama ni udi, basi nitanukia udi kuliko Samir.

Alhamisi, 10 Februari

Farhat alipotoka kwenda dukani nimewasha chetezo sebuleni. Udi wa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Nimejifunika blanketi juu yake. Machozi, kikohozi. King'ora cha moshi kikalia. Kisha kikalia cha jengo zima! Tumeteremka ngazi na majirani wote, mzee Roshanali akiwa na sabuni masikioni na kanzu imemganda mwilini. Nje theluji. Wazima moto wakaniuliza maswali. Nimejibu machache.

Samir alikuwa kazini. Tasleem alikuwa anatetemeka, amekumbatia mfuko wa Sukari. Nimefungua koti, nikauweka mfuko kifuani. Kwa aibu sikuthubutu kusema wala kusogea. Sukari akatoa pua, akaninusa, akajikunja, akalala. Kisha Tasleem naye akaingia ndani ya koti, kichwa ubavuni kwangu. Akasema, kwa Kiswahili:

"Baba, simama hivyo hivyo. Usifanye kitu."

Nimesimama. Sijawahi kufurahi hivi tangu siku aliyozaliwa.

Jumamosi, 12 Februari

Nimewaza tangu jana bila kupumzika. Haikuwa udi. Majirani wote walinuka udi na Sukari hakumtaka hata mmoja. Nimegundua: ni baridi!

Asubuhi Tasleem aliniomba nikae naye tumtazame Sukari akila tufaha. Nilimwambia sina nafasi, nina mipango. Akamwita Samir.

Mchana nimezima hita zote na kufungua madirisha yote. Nimevaa koti, vifungo wazi, nimekaa kwenye sofa tayari. Farhat amekwenda kwa dada yake hadi nipate akili. Tasleem amepita na Sukari ndani ya sweta, akanitazama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nimemwambia kupitia tundu la ufunguo asiwe na haraka, baridi bado haijaingia vizuri.