Maombi ya Watoto Wako Wapya wa Hotelini

Hoteli ya Mzabibu Mwema,
Njia ya Msalato,
Dodoma.

Kwa Mkurugenzi Bartolomayo, ambaye tangu mwezi jana ni Baba yetu,

Shikamoo Baba.

Mimi mwanao Optatus, msimamizi wa wahudumu wa ukumbi, nimetumwa na wenzangu nikushukuru. Siku ile ulipotukusanya na kutueleza kwamba semina za maofisa siku hizi zinafanyika kwenye kompyuta, kwamba vyuma vimekaza, na kwamba kila mmoja wetu atakatwa theluthi ya mshahara, tulikuwa karibu kununa. Ndipo ukafuta jasho ukasema hapa hakuna bosi wala mfanyakazi, sisi ni familia moja, na mchuma janga hula na wa kwao. Mama Joha wa kufulia alilia. Wengine tulipiga makofi, maana miaka yote hiyo hatukujua kwamba tuna baba mwenye ghorofa.

Tumekaa kikao cha watoto, tukaona kuna mambo madogo ambayo yamekupita, pengine kwa sababu undugu wetu bado mbichi.

1. Chakula. Familia hula chungu kimoja. Sisi tunakula ugali na mlenda nyuma ya jiko, nawe unapandishiwa mbavu za mbuzi roshani. Hatuna ugomvi na mlenda, ndio uliotukuza. Ila kuanzia Jumapili tutapanda roshani sote tunawe nawe beseni moja. Ukipenda tutakuja na mlenda wetu.

2. Malazi. Mwanao Munira wa mapokezi alichelewesha kodi kwa sababu ya ile theluthi, na mwenye nyumba wake akang'oa mlango akaondoka nao. Sasa Munira analala na watoto wake nyuma ya kanga iliyopigiliwa misumari, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Asubuhi anakuja kuwatabasamia wageni wako. Hili Baba linaniuma, wala silisemi kwa utani. Nyumbani kwako kuna vyumba vya wageni, na tumeambiwa kila kimoja kina mlango. Atafika Jumamosi na watoto na godoro lake.

3. Mahari. Adamu mlinzi amepata mchumba. Kwa desturi yetu Wagogo, baba ndiye humtolea mwanawe ng'ombe, na tumesikia unao wa kutosha kule Mpwapwa. Adamu si mchaguzi, mradi mmoja awe na ndama.

4. Adabu za ukoo. Mama Joha amekuzidi umri, hivyo hawezi kuwa mwanao. Kikao kimempa cheo cha shangazi. Shangazi, kama ujuavyo, ana haki ya kuuliza lolote mbele ya yeyote, naye ameanza na lile gari jeupe lililofika wiki ileile tuliyokatwa. Anauliza familia ilikaa lini kulijadili. Anataka pia limpeleke kanisani, tena akae mbele.

5. Mirathi. Hatukuombei mabaya hata kidogo. Tunataka tu kujua kifungua mimba ni nani, maana mpishi ameanza kuuita ukumbi mdogo "ukumbi wangu" na kupima mapazia.

Huenda utaona mzigo huu ni mzito kwa mzazi ambaye ameshtukia ana watoto wote hawa kwa mkutano mmoja. Ukilemewa, ipo njia nafuu. Turudishie theluthi yetu, Munira akakomboe mlango wake, nasi tutarudi kuwa wafanyakazi tu, wa kukuamkia asubuhi, na jioni kwenda zetu.

Jambo moja tunakusihi. Usije ukatuambia kwamba undugu ni undugu na kazi ni kazi. Hayo ni maneno ya mtu anayemwita mwenzake ndugu siku ya kukata, akamsahau siku ya kupakua. Mtu wa hivyo hana utu, na wewe Baba hatukudhanii hayo.

Msalimie Mama, umwambie Jumamosi asipike kidogo. Wasalimie wadogo zetu wanaosoma ng'ambo, shangazi yao anawauliza. Hata mbwa wa getini wasalimie, na mtu awaeleze mapema kwamba sisi si wezi.

Ni mimi mwanao mtiifu, kwa niaba ya ukoo mzima,

Optatus

Nyongeza: Barua hii inaletwa na Emilia, binti wa kazi wa hapa kwangu. Tafadhali usimkalishe wala kusikiliza habari zake. Mshahara wangu ulipokatwa, nami niliukata wake, nikamweleza kwa upole kwamba kwetu yeye si mfanyakazi, ni mtoto wa nyumbani. Aliendelea na kazi vizuri tu. Lakini jana alinisikia nikimsomea mke wangu barua hii. Basi akaja akaketi mezani, akajipakulia paja la kuku, akauliza mama yake aliyeko Mlali afikie chumba kipi. Nimemrudisha jikoni na kumwambia wazi: undugu ni undugu, na kazi ni kazi.